Sura ya Nane

Jumatatu, 8 Julai

Nimeamka kwa adhana. Nimesali, nimefagia ukumbi, nimemwagilia mchicha. Bomba limetoa maji mpaka saa tatu, leo afadhali. Chai ya rangi na kiporo cha jana.

Saa kumi, redio. Sura ya nne. Msomaji ana sauti nzuri ila anazikimbia nukta. Bi Rukia wa jirani kaweka kiti upande wake wa ukuta, mimi upande wangu, kila mtu na redio yake. Miaka thelathini na mbili nimefundisha watoto wa watu kusoma vitabu vya watu. Sasa nina changu, na kuanzia huku Mikindani mpaka Mtwara mjini kinasikilizwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Nina furaha. Ni mara chache naandika neno hilo hapa.

Nimeusoma tena ule uhakiki wa gazetini. Mhakiki anasema riwaya nzima ingekuwa ya kawaida tu kama si sura ya nane. Sijui kama kanisifu au kanitukana. Nimeukunja, nimeurudisha kwenye droo.

Baada ya magharibi, ujumbe wa Yusufu. Nilimfundisha zamani, sasa ni wakala wa forodha bandarini. "Shikamoo Mwalimu. Nimekimaliza kitabu, hongera sana. Ile sura ya nane si ndiyo insha ya Somoe? Ile uliyomsimamisha aisome mbele ya darasa, kidato cha pili. Tulianza kwa kucheka tukaishia kulia."

Nimemjibu: "Marahaba. Mambo hufanana, mwanangu."



Jumanne, 9 Julai

Sura ya nane ni hii. Mto Ruvuma unafurika. Mama yuko kwenye shamba la mpunga na watoto wake wawili. Wanapanda juu ya mkorosho. Binti mkubwa anafungwa kwenye tawi kwa kanga. Kanga ni moja. Mdogo, mama anamshika kwa mikono. Kabla hakujapambazuka anafungua mikono. Sura inaishia hapo.

Kwenye uzinduzi, Dar, mtu aliniuliza kisa kile nimekitoa wapi. Nilisema niliamka alfajiri moja nikakikuta kichwani. Wakapiga makofi. Sikuwa nadanganya. Nilidhani sidanganyi.

Somoe namkumbuka. Mwembamba, dawati la nyuma, mtoto wa Kitaya, kijiji cha kando ya Ruvuma, mjini alikaa kwa shangazi yake. Insha yake siikumbuki. Naapa siikumbuki.

Sijala.

Jumatano, 10 Julai

Redio sikuwasha. Bi Rukia kagonga ukuta kunikumbusha. Nimejifanya nimelala.

Nimevuta sanduku la uvunguni. Nilikuwa na tabia ya kuweka madaftari ya wanafunzi, yale mazuri na yale ya kuchekesha. Nilitegemea nitafukua mpaka chini. Daftari la Somoe lilikuwa la tatu kutoka juu.

La tatu. Mwaka ule nilipoanza kuandika nililifungua sanduku hili kutafuta cheti changu cha ualimu. Basi nililisoma. Nililisoma, nikalirudisha, nikasahau kwamba nimesoma, nikabaki na kisa. Au nilijisahaulisha. Sijui tofauti yake iko wapi.

Kurasa tatu. Kila alipoandika "nto" nimekata kwa kalamu nyekundu, juu yake "mto". "Nkono", "mkono". "Ntoto", "mtoto". Kote wekundu. Chini nimempa ishirini na nane kwa mia. Na maoni: "Lugha ya nyumbani iache nyumbani. Usome mbele ya wenzako wayasikie makosa yako." Mwandiko wangu, umenyooka, wa mtu anayejipenda.

Sentensi kumi na moja zimo kitabuni. Nimezifuata kwa kidole, daftari kushoto, kitabu kulia. "Nto" nimeufanya mto, basi. Mhakiki kasifu Kiswahili safi.

Moja tu nimeigeuza. Somoe aliandika: "Mama hakumwachia ndugu yangu. Nto ndio uliomchukua nkononi mwake." Mimi nikaandika: "Akafungua mikono." Hiyo ndiyo iliyosifiwa kuliko zote.

Alhamisi, 11 Julai

Nimeisoma tena mara nne. Ni nzuri kuliko yangu. Alikuwa na miaka kumi na tano.

Ijumaa, 12 Julai

Nimekwenda redioni asubuhi, kabla watu hawajajaa. Neema, anayesimamia kipindi, kanipokea kwa soda na kiti. Nimemwambia sura ya nane ina makosa ya uchapaji, irukwe. Kacheka. Wamekwisha kuirekodi. Wanaitangaza tangu jana, nyumbani sikusikia kwa sababu redio yangu nimeizima.

"Mwalimu, hiyo ndiyo watu wanaingojea."

Nimesema haifai kwa watoto. Kasema saa kumi watoto wako madrasa. Nimesema sijisikii vizuri. Kaniuliza kama aniitie bajaji.

Sababu ya kweli ningeweza kuitoa kwa pumzi moja. Nimekunywa soda yote nikaondoka.

Jumatano ijayo itasomwa. Siku tano.

Jumamosi, 13 Julai

Yusufu kanielekeza. Somoe anauza mchele soko la Chikongola, mchele wa Kitaya, na kunde na choroko. Nilijipanga njia nzima. Nitasema: mwanangu, nimekukosea. Maneno mawili tu.

Aliniona kabla sijamwona. Karuka magunia. "Shikamoo Mwalimu! Mwalimu wangu huyu! Jamani, huyu ndiye anayesomwa redioni!" Akawaita wenzake waje kunisalimia. Wanawake wanne wamenishika mkono. Amenenepa, ana jino la pembeni limetoka, macho ni yale yale.

Kaniambia anaishi na mama yake, Bi Tatu, Magomeni. Miguu ya mama imechoka, hatoki. Shughuli yake ni redio. "Tangu kianze kitabu chako, saa kumi hataki kusemeshwa. Anasema mwalimu wako anajua kusimulia, kama aliyekaa kwetu."

Nimemuuliza kama yeye kakisoma. Kacheka. "Mimi na kalamu tuliachana kidato cha pili, Mwalimu. Na vitabu vikaifuata kalamu." Amelisema bila kinyongo. Hata hakuniangalia kuona kama limenifika.

Hapo ndipo pa kusema. Palikuwa wazi kabisa, kama mlango. Nikamuuliza bei ya kunde.

Kanipimia mchele kilo mbili, kakataa hela. Nimeubeba mpaka Mikindani. Uko jikoni. Siwezi kuupika.

Mimi ni mwoga. Nilikuwa mwoga hata nilipokuwa mkali.

Jumapili, 14 Julai

Nimelichoma daftari.

Niliwasha mkaa kwa ajili ya maji ya kuoga. Sikupanga. Nilipanga. Kurasa zimeshika upesi, jalada limegoma, nimelikandamiza kwa koleo. Yusufu ana kumbukumbu tu, na kumbukumbu mtu hubishana nayo. Hilo ndilo nililowaza. Naliandika kama nilivyoliwaza.

Maji yalichemka. Nimeoga.

Jumatatu, 15 Julai

Sura ya saba.

Nimempigia mhariri wangu. Nimemuuliza, kama kwa mfano tu, mwandishi akichukua kisa cha mtu. Kasema hakuna riwaya isiyo na mama wa mtu ndani yake, Mwalimu, lala usingizi, andika ya pili. Kaniambia kitabu kimo kwenye orodha ya tuzo. Alitaka iwe siri mpaka mwisho wa mwezi, ila ananiona nimekata tamaa, kaamua kunifurahisha.

Nimekata simu bila kuaga.

Nimeanza barua kwa Somoe mara sita. Zote zinaanza vizuri. Zote zinajitetea kufikia mstari wa tatu. Miaka thelathini na mbili nafundisha uandishi wa barua.

Jumanne, 16 Julai

Nilitoka niende Magomeni. Nimefika stendi, nimerudi.

Jumatano, 17 Julai

Imesomwa. Msomaji safari hii hakukimbia. Kwenye "akafungua mikono" alinyamaza, wakaweka muziki.

Bi Rukia kalia upande wa pili wa ukuta. Kisha kapitisha kichwa: "Mama gani yule, Mwalimu? Mtoto wake mwenyewe!"

Nilikaa sakafuni mpaka jua likahama ukumbini.

Alhamisi, 18 Julai

Simu haikulia. Nimeishika siku nzima.

Ijumaa, 19 Julai

Somoe kaja.

Kavaa baibui, kama anayekwenda msibani. Hakutoa shikamoo. Nimemkaribisha ndani, kakataa kukaa. Naandika alivyosema, bila kukata kitu.

"Mama hali tangu juzi. Ilipoisha ile sura aliniita. Akaniuliza, wewe ndiye uliyemwambia mwalimu wako? Nikasema niliandika, mama, shuleni, zamani. Akasema, kwa hiyo miaka yote hii ndivyo unavyojua, kwamba nilimwachia. Nikasema sikuandika hivyo. Akasema mwalimu hawezi kutunga uongo juu ya mtu asiyemjua, kakitoa kwako. Mwalimu, mama yangu ananitazama kama mimi ndiye niliyemshtaki."

Nimesema, hukuandika hivyo.

"Najua sikuandika! Nilikuwa nimefungwa pale juu, nilimwona. Alimshika mpaka kucha zikang'oka. Ni maji." Kapumua. "Yusufu anasema ulikuwa unatunza madaftari. Nipe langu. Nimsomee kama lilivyo. Kitabu bakia nacho, sina shida nacho. Nataka daftari langu."

Nilikuwa nimesimama, mkono kwenye mwimo wa mlango.

"Nimelichoma."

"Lini?"

"Jumapili."

Kahesabu. Nimemwona akihesabu. Jumamosi kanipimia mchele.

Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana. Kageuka, viatu vyake vilikuwa kizingitini, kashindwa kukivaa kimoja, kakibeba mkononi. Katembea hivyo mpaka barabarani, mguu mmoja peku.

Jumamosi, 20 Julai

Sitaki kuonwa. Nimefunga madirisha ya mbele.

Nimefikiria kwenda kwa mdogo wangu Lindi. Nimefikiria kusema daftari halikuwapo. Nimefikiria kuliandika upya, nina kalamu, nina daftari la zamani tupu, mwandiko wake naukumbuka. Nimefika mpaka kulitoa daftari tupu mezani. Nusu saa nzima nilikaa nalo. Ningemwibia mara ya pili, safari hii kwa kumsaidia.

Nimelirudisha.

Mwanamke mmoja Magomeni hali chakula kwa ajili ya sentensi yangu. Maneno mawili. Niliyapenda maneno yale. Niliyaandika nikasimama nikazunguka chumba kwa furaha. Sikuwaza hata mara moja kwamba mikono ile ni ya mtu.

Ya Rabi, nimechoka na mimi mwenyewe.

Jumapili, 21 Julai

Nimekwenda.

Nyumba ya matofali, mlango wa mabati, ua umefagiliwa. Somoe kafungua. Kaniangalia, kisha kaondoka mlangoni bila kunikaribisha wala kunifukuza. Bi Tatu kakaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu kaikunjulia mbele. Mdogo wa mwili. Redio iko kwenye kigoda, imefunikwa kitambaa. Mikono yake sikuthubutu kuiangalia.

Nimempa shikamoo ingawa hatupishani sana umri. Kaitikia. Nimekaa chini, si mkekani, sakafuni.

Nimemwambia mimi ndiye mwalimu. Nimemwambia Somoe aliandika kweli tupu, nikampa alama mbaya, nikamwaibisha kwa lugha yake. Nimemwambia nimeiba maneno yake nikayatia kitabuni kwa jina langu. Nimemwambia hayo ya kumwachia mtoto ni yangu, nimeyatunga nyumbani kwangu, kwenye kiti, ili sura iishe vizuri. Nimemwambia daftari nimelichoma ili nisijulikane.  Somoe alikuwa kasimama nyuma yangu, sikumwona uso.

Bi Tatu kaivuta kanga magotini. Kisha:

"Kwa hiyo ushahidi hamna."

"Hakuna, Bi Tatu."

"Aliandika nini, huyu?"

"Naweza kukwambia. Nimelisoma mpaka limeingia."

"Haya, soma."

Nikasoma kutoka kichwani. Tangu neno la kwanza. Nilianza kwa Kiswahili changu, nikafika "mto", nikasimama. Nikarudi. Nikasema "nto", kama alivyoandika. "Nkono." "Ntoto." Lugha niliyoikata kwa kalamu nyekundu nimeisema mbele yao, na ilikuwa inajua inakokwenda. Hakuna sentensi iliyokosea. "Mama hakumwachia ndugu yangu. Nto ndio uliomchukua nkononi mwake. Mama akasema nishike nini sasa. Akanishika mimi."

Nilipomaliza, Bi Tatu alikuwa anamtazama Somoe, si mimi.

"Ulikumbuka nilivyosema?"

"Nilikumbuka, mama."

"Ulikuwa ntoto ndogo."

"Nilikumbuka."

Somoe kapita pembeni yangu, kaketi mkekani, kichwa kwenye bega la mama yake. Mwanamke wa miaka arobaini. Nimetazama chini.

Baadaye Bi Tatu kaniuliza: "Huko kwenye kitabu chako, kijana wangu anaitwa nani?"

"Sikumpa jina."

"Ana jina. Saidi."

"Saidi," nikasema.

"Basi."

Somoe kanisindikiza mlangoni. Hakusema amenisamehe, sikuuliza. Kasema, "Leo atakula." Akafunga.

Jumatatu, 22 Julai

Nimempigia mhariri. Kitabu kiondolewe kwenye tuzo. Kilichobaki kisiuzwe. Nimemweleza kwa nini. Kaanza kwa kunibembeleza, kisha kapandisha sauti. Kauliza kama nimefikiria jina langu. Nimesema ndilo ninalolifikiria tangu nizaliwe, ndiyo maana tumefika hapa.

Sijui kama atatenda. Nimemwandikia pia, ili iwepo.

Jumatano, 24 Julai

Redioni. Badala ya sura, dakika tatu nilizomwomba Neema. Nilimwambia yote kwanza. Alikuwa anaandika, akaacha kuandika. Nusura akatae, akaogopa, akampigia mkubwa wake, akaniruhusu.

Nimesema kisa cha sura ya nane kiliandikwa na Somoe binti Tatu wa Kitaya alipokuwa mwanafunzi wangu, na nikakichukua bila idhini. Nimesema nimekiharibu. Nimesema mama wa kweli hakumwachia mtoto wake, na mtoto aliitwa Saidi. Somoe alikubali majina yatajwe, nilimuuliza jana sokoni, alijibu huku anapima mchele wa mteja.

Dakika mbili na nusu. Zilibaki sekunde thelathini. Wakaweka muziki.

Sura zilizobaki hazitasomwa.

Alhamisi, 25 Julai

Bi Rukia hajapitisha kichwa. Shule iliyonialika nizungumze na wanafunzi imeahirisha. Kwenye kundi la wanafunzi wangu wa zamani watu wamejaa maneno. Mmoja kaandika hata yeye ananidai insha, wengine wakacheka. Yusufu peke yake kaandika "Pole Mwalimu." Nimezima.

Mhakiki kaandika gazetini, amepata habari upesi. Anasema hata hivyo "akafungua mikono" inabaki kuwa sentensi bora ya kitabu. Nimekaa na gazeti mapajani. Miezi iliyopita ningekubaliana naye.

Sina kazi nyingine ninayoijua. Nimejaribu kuandika ukurasa wa kitu kipya, cha kubuni kabisa, mtu asiyekuwapo. Kila neno nimeliuliza limetoka kwa nani. Mistari miwili. Nimefunga.

Ijumaa, 26 Julai

Nimeshinda kitandani. Mchicha umekauka.

Jumapili, 28 Julai

Somoe kapiga simu asubuhi. "Mama anakuita." Hakuna jingine.

Bi Tatu alikuwa mahali pale pale. Somoe hakuwapo, kaenda sokoni. Kulikuwa na uji wa mchele, kanielekeza kwa kidevu nijimiminie. Tumekunywa.

Kisha kasema amewaza. Kasema Somoe aliandika alichokiona kutoka juu, na mimi niliandika ambacho sikukiona kabisa. Hakuna aliyemuuliza yeye. Tangu siku ile, hakuna mtu hata mmoja. Mume hakumuuliza. Waliokuja na mtumbwi kuwashusha hawakumuuliza. Walimpa pole.

"Wewe unapenda kisa. Haya. Sikia hiki. Ila nkono wako uweke hapo nikiuona."

Nimeiweka mikono yote miwili juu ya magoti.

Kasimulia tangu maji yalipoingia mpunga mpaka jua lilipotoka. Amekatiza mara mbili, ya kwanza kikohozi, ya pili sikuuliza. Hakulia. Mimi nililia nikaacha, kwa sababu hakikuwa kilio changu. Mwishoni kavuta kanga mabegani, kasema:

"Hiki usiandike."

"Sitaandika."

"Popote."

"Popote, Bi Tatu."

Kaomba nimjazie uji tena. Ulikuwa wa moto, nimeupoza kwa kumimina kikombe kwa kikombe. Tumekaa. Watoto wa nyumba ya pili walikuwa wanapigana juu ya mpira, akawakaripia kwa Kimakonde, wakacheka, wakahama.

Nimerudi Mikindani saa kumi na moja. Nimeoga, nimesali. Kisa chote ninacho, neno kwa neno, na alivyotua na alivyoendelea. Nimekaa mezani kwa muda.

Taa sijawasha, bado kuna mwanga. Nafunga daftari.